Dondoo Muhimu: Kuhamisha Matairi kwa Kanuni

Ewe dereva upandaye vilima vya Rungwe Mpya kuelekea Kasulu, ambako changarawe na matope huyala matairi bila insafu, yahamishe kila baada ya kilomita 8,000 hivi, ukifuata taratibu hizi:

• Gari livutwalo na magurudumu ya mbele: matairi ya mbele yarudi nyuma upande ule ule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana.

• Lisukumwalo na ya nyuma, au yote manne: ya nyuma yaje mbele moja kwa moja; ya mbele yaende nyuma kwa kupishana.

• Matairi yenye mshale ubavuni yasivuke upande abadani.

Kisha pima upepo upya, na baada ya kilomita 80 kaza nati tena, kwani roho za abiria ni amana.