Maradhi Yachochewayo na Ngano

Kinga ya mwili hupigana na vijidudu, lakini kwa watu wengine hukosea ikaushambulia mwili wenyewe. Katika maradhi ya siliaki, ngano na shayiri huichochea kinga hiyo ikaharibu matumbo. Mtoto huhara, hukonda na kudumaa.

Damu ya askari wa Marekani iliyotolewa kati ya 1948 na 1954 ilihifadhiwa, ikapimwa miaka mingi baadaye. Katika 2009 ilitangazwa kwamba maradhi haya yameongezeka zaidi ya mara nne. Urithi wa ukoo haubadiliki upesi hivyo. Basi sababu imo katika maisha yaliyobadilika.

Dawa yake ni chakula: mkate, chapati na mandazi viachwe maisha yote. Ugali wa mahindi, mtama au wimbi hauna madhara, ila unga usisagwe kwa mashine isagayo ngano. Walakini mtu asiache ngano kabla ya kupimwa hospitali, maana akiisha kuiacha kipimo huweza kutouonyesha ugonjwa.