Njaa Isiyopiga Kelele: Fundisho la Kuwaangalia Watoto na Wazee

Mtu akisimama Mwaloni pale Kirumba huona magunia ya dagaa yamepangwa hata juu, na malori yakipakia kwenda mbali. Ni vigumu kusadiki ya kuwa karibu na shibe hiyo mtoto aweza kudhoofika kwa kukosa chakula. Walakini aweza. Dagaa huuzwa ili kupata fedha, na wengine hufanywa chakula cha kuku. Nyumbani mtoto hupewa uji wa muhogo mtupu, tumbo likajaa, na mwili ukabaki na njaa. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Basi hatuna budi sisi tuzungukao nyumba za watu kujifunza kuitambua njaa hii.

1. Dalili kwa mtoto. Njaa ina sura mbili. Ya kwanza ni kukonda: mbavu zaonekana, na uso wawa kama wa mzee. Ya pili hudanganya: miguu na uso huvimba, nywele hupauka na kung'oka kwa wepesi, naye mtoto hachezi wala hataki kula. Majirani humsifu mama, wakisema, "Mtoto wako amenenepa," kumbe ni maji. Hata mizani hudanganyika, maana maji nayo yana uzito. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933 katika nchi iitwayo leo Ghana. Jina lake, kwashakoo, latoka katika lugha ya wenyeji wa huko, nalo lahusu ugonjwa umpatao mtoto akisha kufuatwa na mdogo wake. Kwa kujaribu, bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, kwa muda wa sekunde 3. Vishimo vikibaki, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile.

2. Utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hata 59, pima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, nao umelegea, utepe usikazwe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari kubwa. Toka 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano, naye apelekwe zahanati bila kukawia. Kuanzia 12.5 ni kijani.

3. Kupima tena. Kipimo kimoja ni kama hatua moja tu. Hakionyeshi mtu aendako. Kwa hiyo tutazame mstari katika kadi ya kliniki: ukipanda, ni vema, ukilala au kushuka, tuulize sababu kabla mtoto hajakonda. Mwaka 1983 ilianzishwa huko Iringa kazi ya namna hii, ikaenea katika vijiji 168. Watoto walipimwa, wanakijiji wakatafuta sababu pamoja, wakatenda, kisha wakapima tena. Mizani peke yake haimshibishi mtu. Faida ilitoka katika kutenda.

4. Wazee. Mzee aghalabu halalamiki. Husema, "Nimekwisha kula," kumbe sahani yake amewapa wajukuu. Tuangalie: je, nguo zampwaya? Je, meno yamkataza kutafuna? Je, ala peke yake, au amefiwa karibuni? Akipungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3, naye hakukusudia, au unene wa shavu la mguu wake ukiwa chini ya sentimita 31, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Miguu ya mzee ikivimba, tusidhani ni njaa tu. Yaweza kuwa moyo au figo.

5. Jambo lililo zito kuliko yote. Mtoto akidhoofika, wako wasemao ya kuwa wazazi wamembemenda, yaani wamekutana kabla hajaachishwa ziwa. Mama akisikia hayo humficha mtoto ndani, na siku za kumponya hupita. Ndugu, neno hilo si kweli, nalo laua. Tuingiapo nyumbani tusianze kwa kuuliza kosa ni la nani. Tuseme, "Mama, tumekuja tumpime mtoto pamoja nawe." Naye aliye na nafuu afundishwe kusaga dagaa safi waliokaushwa, na kuwatia katika uji pamoja na mafuta kidogo. Bali aliye mgonjwa sana asilazimishwe kula nyumbani. Aanze kulishwa hospitali kwa kipimo, maana chakula kingi cha ghafula chaweza kumdhuru.

Maswali ya kujifunza: (a) Kwa nini mizani haitoshi kwa mtoto aliyevimba? (b) Katika mtaa wako, ni mzee gani alaye peke yake, na ni nani atakayemtembelea juma hili? (c) Utamjibu nini jirani asemaye ya kuwa mtoto amebemendwa?