Mapambo Wakati wa Msiba

Mwaka 1861 Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe, Albert. Alivaa nguo nyeusi hadi kufa kwake, 1901. Wakati huo wanawake wa huko walivaa vidani vya msiba. Vingine vilitiwa nywele za marehemu.

Hapa kwetu Newala na Masasi, mjane Mwislamu huvua bangili na hereni zake. Hukaa eda miezi 4 na siku 10. Mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Je, mapambo yale anayatunza nani? Hapo ugomvi huanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 yasema mali ya mke ni yake. Hata zawadi ya mumewe huhesabiwa yake, isipothibitishwa vingine.

Zoezi: Mama, andika mapambo yako yote, na aliyekupa kila moja.