Mafuta ya Breki Hubadilishwa, Hayaongezwi Tu

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Dereva wa Probox anaweza kuimaliza safari hiyo akiwa amekanyaga breki kwa nguvu mara mbili tatu tu: ngamia wamevuka ghafla, au laga, mto wa msimu, imeshuka na maji. Ndiyo sababu wengi huamini breki zao ni nzima. Mtihani wenyewe uko upande wa pili, siku gari limejaa mizigo ya Kitale na linashuka mteremko wa Kamatira kuelekea Marich. Kapenguria, kabla ya mteremko huo, iko juu ya mita 2,000, Lodwar karibu mita 500.

Siku moja nilikuwa kiti cha mbele kwenye mteremko huo. Dereva alikanyaga, kikanyagio kikazama hadi chini kama sponji. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono polepole, tukasimama kando. Nusu saa baadaye breki zilirudi, ngumu kama kawaida. Tulipofungua boneti, kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa hadi mstari wa juu, ila yaliyomo yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

Kikopo kujaa hakuthibitishi kitu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, kupitia kifuniko na mipira ya breki inayoenda magurudumuni. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki huwaka moto, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke hukandamizika. Nguvu ya mguu wako inaishia humo, haifiki kwenye gurudumu. Gari likipoa, mvuke hurudi kuwa maji na dereva anajidanganya kwamba tatizo limeisha.

Jina lenyewe linatupotosha. Tunayaita mafuta, lakini ukiyachanganya na oili ya injini au ya usukani, mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Soma kifuniko cha kikopo: kikisema DOT 3, DOT 4 yanafaa pia. DOT 5 ni ya silikoni, usiyachanganye na haya. Nunua chupa ambazo hazijafunguliwa, jumla lita moja hivi kwa gari dogo, na usikubali kupimiwa kutoka chupa iliyokaa wazi dukani.

Fanya kazi hii asubuhi, gari likiwa baridi, kwenye ardhi tambarare. Weka mawe kwenye magurudumu, na usiingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kabla ya kufungua kikopo, kipanguse vizuri. Vumbi la Turkana likiingia humo linakula mipira. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba jipya la sindano la mifugo, jaza mapya.

Magari yetu ya usukani wa kulia kwa kawaida huanza na gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Ingiza spana ya pete, mara nyingi namba 8 au 10, kwenye nati ya kutolea upepo. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo.

Sasa mnahitajika wawili. Unasema, “Kanyaga!” Mwenzako anajibu, “Nimeshika!” Fungua nati robo mzunguko, mafuta meusi yanatoka, kikanyagio kinazama. Funga nati kwanza, ndipo useme, “Achia!” Akiachia kabla hujafunga, gari linavuta hewa na kazi inaanza upya. Rudieni mpaka yatoke yenye rangi safi bila mapovu. Kwa gari lililozeeka, weka kipande cha ubao chini ya kikanyagio kisifike sakafuni, kwa kuwa mpira wa masta silinda ukipita sehemu yenye kutu unaweza kuchanika. Kila baada ya kukanyaga mara tano, tazama kikopo. Kikikauka kwenye gari lenye ABS, huenda ukahitaji mashine ya kompyuta kuitoa hewa.

Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji mara moja. Mwisho, washa injini, kanyaga kwa nguvu, kagua kila nati, halafu jaribu polepole uwanjani. Kikanyagio kikiwa laini, usiende barabarani.

Na ikiwa mafuta yamepungua tu, usikimbilie kuongeza. Tazama pedi: zikiisha, mafuta hushuka. Pedi zikiwa nzima, kuna mahali panavuja.

Badilisha mafuta kila miaka miwili. Kwa gari linalopanda Kitale kila wiki, mimi nasema kila mwaka. Yale ya zamani yafunge kwenye chupa, mpelekee fundi anayekusanya oili chafu. Usiyamwage kwenye mchanga wa laga. Kina mama huchimba maji ya kunywa humo humo.