ELIMU KWA WANANCHI: Keria ya Baiskeli na Mizigo Inayoila

Katika mialo ya Mugango na Majita, na vilevile upande wa Kibara wilayani Bunda, dagaa huanikwa juani, mara nyingi juu ya mchanga wenyewe wa ufukweni. Wanapokauka hukusanywa na kutiwa katika magunia ya sandarusi, na baadhi ya magunia hayo hupandishwa kwenye keria za baiskeli ili yafike barabarani yanakopokelewa na magari. Mchanga husafiri pamoja nayo. Chembe zake hupenya kati ya nyuzi za gunia na kutua juu ya vyuma vya keria, na kwa mwendo wote wa njia ya changarawe gunia huendelea kucheza huku na huku. Kazi ya namna hiyo ikidumu, keria iliyonunuliwa ikiwa na rangi yake nyeusi hubaki chuma kitupu kinachong'aa pale gunia linapolalia, na kutu kandokando yake.

Wamiliki wengi wa baiskeli huamini kwamba keria huvunjwa na uzito. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, kwa kuwa uzito ndio humaliza kazi ambayo msuguano uliianza zamani. Mchanga wa mwambao huu umetokana na mawe ya matale, yaleyale yaliyorundikana kuuzunguka mji wa Musoma, na ndani ya mawe hayo mna madini ya kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatsi ina 7, ilhali chuma cha kawaida hukadiriwa kati ya 4 na 5. Rangi ni laini kuliko vyote viwili. Gunia lenye mchanga linaposogea juu ya keria, basi, hufanya kazi ya msasa. Rangi ikishaondoka, unyevu hukifikia chuma na kutu huanza. Safari inayofuata huikwangua kutu hiyo na kufichua chuma kipya, nacho kikipata maji hushika kutu upya. Kwa mzunguko huo bomba la keria huliwa kidogo kidogo, hadi siku ambapo linashindwa na uzito uleule lililoubeba mwaka mzima.

Aghalabu keria hukatikia karibu na ekseli, au pale mguu wake ulipochomelewa. Ikikatika mteremkoni, mzigo huangukia gurudumu la nyuma, spoku hunaswa, na baiskeli husimama ghafla. Katika barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, inayopita Bunda na Makutano, mwendeshaji anayeangushwa hivyo huweza kuangukia upande wa mabasi. Hasara ya gunia lililopasuka ni ndogo ikilinganishwa na hilo.

Kinga iliyo rahisi kupatikana ni tyubu kuukuu, ambayo kwa kawaida mafundi wa baiskeli huwa nayo. Tyubu hukatwa vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili, kisha huzungushwa kwenye mabomba ya keria kama bendeji, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpira hunyumbuka chini ya gunia badala ya kusugwana nalo, na ukichakaa hubadilishwa bila gharama ya maana. Tepu nyeusi ya mafundi umeme haifai kwa kazi hii: joto la mchana hulainisha gundi yake, nayo huanza kuteleza na kujikunja baada ya muda mfupi, ikiacha utelezi unaonasa mchanga zaidi. Mwenye kipande cha mpira wa kumwagilia maji anaweza kukipasua kwa urefu na kukivika bomba la keria, mradi mpasuko uelekee chini ili maji yatoke. Wapo pia wanaotumia ngozi mbichi ya ng'ombe, bidhaa isiyokosekana mkoani Mara. Ngozi hiyo hustahimili msuguano vizuri sana, lakini hunyonya maji, hunuka, na mbwa wa kijiji huijua kabla ya mwenyewe kufika.

Yapo hata hivyo makosa ambayo huigeuza kinga hii kuwa adui, na hayo ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mpira uliofungwa juu ya chuma kilichokwisha kuanza kutu huficha ugonjwa badala ya kuutibu. Maji ya mvua huingia chini yake, hayapati upepo wa kuyakausha, na chuma huendelea kuoza pasipo kuonekana. Mwenye baiskeli huona keria nzima iliyovikwa vizuri, kumbe ndani mmebaki ganda. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye chuma. Kutu isuguliwe kwa msasa au brashi ya waya hadi chuma kionekane, vumbi lifutwe, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na baada ya hiyo kukauka kabisa, rangi ya mafuta mara mbili. Hapo ndipo tyubu ifungwe. Kwenye miguu ya keria, mzunguko uanzie chini kwenda juu, ili kila tabaka la juu lilalie la chini kama bati za paa zinavyopangwa. Ukianzia juu, kila ukingo huwa mfuko wa kukinga maji. Na sehemu zilizochomelewa, pamoja na ncha zinazoshikwa na nati za ekseli, ziachwe wazi. Ufa huanzia hapo, na ufa uliofunikwa hauonekani hadi keria ianguke.

Mkoa wa Mara hupata misimu miwili ya mvua, vuli na masika. Kabla ya kila msimu, na tena baada ya masika kwisha, mpira ufunguliwe, chuma kioshwe kwa maji safi, kikaushwe juani, na palipochubuka pakwe rangi. Kazi hiyo haizidi siku moja au mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja rangi ikauke.

Gunia tupu lililokunjwa na kutandikwa juu ya keria ni desturi ya siku nyingi, na husaidia kupunguza mtikisiko. Lakini likiachwa hapo wiki baada ya wiki hujaa mchanga na unyevu, likawa ndilo msasa wenyewe. Heri likung'utwe kila jioni na kuanikwa. Ubao ni bora zaidi. Ubao mkavu wenye upana wa keria, ukafungwa imara juu ya mpira, huupokea msuguano wote, husambaza uzito kwenye mabomba yote badala ya mawili ya kati, na ukilika hung'olewa na kuwekwa mwingine.

Mizigo ya chumvi na mbolea inahitaji tahadhari ya pekee. Chembe za chumvi zinazovuja kutoka mfukoni hunyonya unyevu wa hewa na kukila chuma kwa kasi kuliko maji ya mvua, na mbolea nyingi za chumvichumvi hufanya vivyo hivyo. Baada ya safari ya namna hiyo keria ioshwe siku ileile, hata kama haionekani kuwa chafu. Samaki wabichi wanaovuja maji nao wawekwe katika ndoo au beseni lisilotoboka. Keria za aluminiamu, zinazoonekana kwenye baadhi ya baiskeli za mtumba, hazipati kutu nyekundu, na kwa sababu hiyo wenye nazo hujiona salama. Aluminiamu ni laini kuliko chuma, hivyo mchanga huila upesi. Tena ikikatika, mashine ya kawaida ya kuchomelea vyuma haiwezi kuiunga. Hizo zivikwe mpira tangu siku ya kwanza.

Zaidi ya kufunika, mzigo wenyewe uzuiwe kusogea. Kamba moja ya katani iliyopitishwa katikati huacha ncha mbili za gunia zikicheza, na katani ikilowa kisha ikakauka hulegea. Mipira miwili ya tyubu iliyovutwa na kukingamana juu ya gunia hulishika bila kulegea, kwa sababu hujivuta yenyewe kadiri gunia linavyojipanga. Mikanda ya mifuko ya shule inayoning'inia pembeni ifungwe juu, isije ikaingia kwenye spoku.

Kuhusu uzito, keria nyingi za baiskeli za kawaida hutengenezwa kwa kubeba kilo 25. Gunia la mahindi la kilo 100 ni mara nne ya kiasi hicho. Kumwambia mkulima wa Nyamuswa au Kiabakari aende sokoni mara nne ni ushauri usiotekelezeka, na ndiyo maana mafundi wa mkoa huu huongeza nondo na mguu wa ziada kwenye keria. Marekebisho hayo ni ya busara, ila joto la kuchomelea huunguza rangi pande zote za kiungo, na fundi aghalabu humkabidhi mteja baiskeli ikiwa chuma kitupu mahali hapo. Mteja aombe pakwe rangi kabla hajaondoka, au apake mwenyewe jioni hiyo.

Haya yote yanawahusu pia maafisa ugani na wahudumu wa afya ya jamii wanaotumia baiskeli vijijini. Kasha la chanjo lenye barafu hutoa unyevu chini yake na huwa na kona ngumu, hivyo lifungwe juu ya ubao, si juu ya chuma.

Baada ya kuvika keria mpira au kuweka ubao, nati zote zikazwe, kisha zikazwe tena baada ya siku tatu za kubeba mzigo. Pasiwekwe mpira kati ya washa na chuma. Mpira hubonyea taratibu, nati hulegea, na keria huanza kutikisika mahali pasipofikiriwa.