Kanuni za Kufungasha Michezo ya Kompyuta: Somo kwa Mfano wa Debian

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya msingi yenye kompyuta chache atakabiliwa mapema na swali ambalo vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia havilijibu. Ni michezo ipi ya kompyuta awaruhusu wanafunzi kuicheza, ataipata wapi, na je, ana haki ya kuinakili na kuwagawia? Aghalabu jibu huletwa na mtu apitaye na flashi mfukoni. Hiyo si njia ya kutegemewa na mwalimu.

Madhumuni ya somo hili ni kuonyesha jinsi swali hilo lilivyokwisha kushughulikiwa kwa kanuni zilizoandikwa. Mfano wetu ni Debian, jumuiya ya watu wanaojitolea iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Jumuiya hii hukusanya programu, huzifunga katika vifurushi, na kuzisambaza bila malipo pamoja na mfumo endeshi wa Linux. Mradi wa Skolelinux, ulioanza nchini Norwe mwaka 2001 kwa ajili ya shule, umejengwa juu ya kazi hiyo hiyo.

Kwanza wanachuo wafahamu mchezo wa kompyuta ni kitu gani hasa. Tuchukue mchezo wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lakini vitu hivyo peke yake havichezi. Zinahitajika sheria za namna ya kutia, kula na kutakata. Mchezo wa kompyuta nao una pande mbili. Kuna programu yenyewe, ambayo ni kama sheria, na kuna picha, sauti na ramani, ambazo ni kama bao na kete. Katika Debian, pande hizi mara nyingi hufungwa mbali mbali. Programu ya kuchora ya watoto iitwayo Tux Paint, kwa mfano, ina kifurushi cha programu na kingine cha vifaa vyake. Sababu ni ya kiuchumi: programu hutayarishwa upya kwa kila aina ya kichakato cha kompyuta, bali picha ni ile ile popote, hivyo yatosha kuhifadhiwa mara moja tu.

Mgawanyo huu una uzito mkubwa zaidi katika jambo la haki. Mwaka 1997 kampuni ya id Software ilitoa hadharani msimbo wa mchezo wa Doom, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni huru ya GPL. (Ni mchezo wa mapigano, wala sishauri upelekwe darasa la tatu, lakini sijaona mfano ulio wazi zaidi.) Ramani na picha zake hazikuachiliwa. Kwa maneno mengine, sheria za bao ziligawiwa wote, kete zikabaki mali ya mwenyewe. Baadaye mradi wa Freedoom ukachonga kete mpya zisizo na kizuizi.

Hapa ndipo zinapoingia sehemu za hazina ya Debian. Sehemu ya main hupokea tu vifurushi vinavyotimiza mwongozo wa programu huru uliopitishwa mwaka 1997. Sehemu ya contrib ni ya programu iliyo huru lakini inayotegemea kitu kilicho nje ya main. Sehemu ya non-free ni ya vitu vyenye masharti, na kwa kanuni haihesabiwi kuwa Debian yenyewe. Ya nne, ya programu za kuendeshea vifaa, iliongezwa katika toleo la 12 mwaka 2023, nayo haituhusu leo. Programu ya kuendeshea Doom imeweza kukaa main kwa sababu kete za Freedoom nazo zimo main.

Wanachuo wengi hushangaa waambiwapo kwamba mchezo wenye leseni ya “kwa matumizi ya shule tu” hauwezi kuingia main. Mwongozo unakataza kubagua watu au aina ya kazi. Mkufunzi asiharakishe kueleza. Awaulize kwanza: mwanafunzi amalizapo darasa la saba, aufute mchezo? Fundi auzaye kompyuta kuukuu yenye mchezo huo ametenda kosa?

Kanuni ya mwisho yahusu alama. Baadhi ya michezo huandika alama za wachezaji wote katika faili moja chini ya /var/games. Nani aruhusiwe kuandika humo? Kanuni za Debian zinaruhusu mchezo ufanye kazi kwa mamlaka ya kikundi kiitwacho games, na zinakataza usipewe mamlaka ya mtumiaji mwingine, kama vile msimamizi mkuu wa mfumo. Ni kama kumpa kiranja ufunguo wa kabati la daftari la alama, si ufunguo wa ofisi ya mwalimu mkuu. Zaidi ya hayo, kanuni zinakataza kuficha faili za mchezo ili zisisomeke, maana yeyote aweza kukipakua kifurushi na kuzisoma. Ni sawa na kubandika kurasa za majibu katika kitabu kinachouzwa dukani.

Zoezi lifanyike kwa vikundi vya watu wanne mbele ya kompyuta yenye Debian. Kila kikundi kichague mchezo mmoja, kisha kifungue faili iitwayo copyright katika saraka yenye jina la kifurushi chini ya /usr/share/doc. Kila kifurushi hutakiwa kuonyesha humo masharti yake. Kikundi kiandike kwa Kiswahili sanifu, katika sentensi zisizozidi tano, ni nani mwenye haki ya programu, ni nani mwenye haki ya picha na sauti, na kama mwalimu wa kijijini asiye na intaneti aweza kumnakilia mwenzake wa shule jirani. Kikundi kisichokubaliana kilete hoja zote mbili mbele ya darasa.