Jinsi Bahari Inavyohamisha Mchanga

Kama unakaa pwani, bila shaka umekwisha kucheza ufukweni. Kama unakaa bara, huenda umeona mawimbi ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa yakipiga ukingoni. Fikiri juu ya mchanga uliopo mahali hapo. Je, mchanga uliokanyagwa mwaka jana ndio huo huo unaokanyagwa leo?

Mtu akiutazama ufukwe huona kitu kilichotulia. Lakini ufukwe hautulii. Kila siku mchanga huletwa na kila siku huondolewa. Ukiletwa mwingi kuliko unaoondolewa, ufukwe hupanuka. Ukiondolewa mwingi kuliko unaoletwa, ufukwe huliwa na bahari. Katika somo hili tutajifunza nani huuleta, nani huuondoa, na kwa nini jambo hili linawahusu watu waliojenga nyumba zao karibu na bahari.

Mchanga hutoka wapi?

Sehemu kubwa ya mchanga wa pwani hutoka bara. Mvua hubomoa udongo na miamba milimani. Mito hubeba vipande hivyo hadi baharini. Vipande vinavyobebwa na maji na kisha kutua chini huitwa mashapo. Changarawe, mchanga na tope vyote ni mashapo. Mashapo mengine hutoka baharini kwenyewe, kutokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi.

Jaribio la 1: Mashapo hutuaje?

Vifaa: chupa ya kioo yenye kizibo, maji, changarawe ndogo, mchanga na udongo wa mfinyanzi.

1. Tia changarawe, mchanga na udongo ndani ya chupa hadi robo yake.
2. Jaza maji, funga kizibo, kisha tikisa kwa nguvu.
3. Weka chupa mezani na utazame. Usiiguse tena hadi kesho.

Changarawe hutua kwanza. Mchanga hufuata upesi. Udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea kwa muda mrefu, na maji huonekana machafu.

Jaribio hili linatufundisha kwamba maji yenye nguvu hubeba vitu vizito na vyepesi. Maji yakipungukiwa na nguvu huacha vizito kwanza. Ndiyo sababu mchanga hupatikana penye mawimbi, na tope hupatikana penye maji matulivu.

Kazi ya mawimbi

Mawimbi hufanywa na upepo unaovuma juu ya maji. Ukitazama kifuu cha nazi kinachoelea mbali na ufukwe, utaona kinapanda na kushuka, lakini hakisafiri upesi pamoja na wimbi. Wimbi hupita, maji hubaki karibu pale pale.

Karibu na ufukwe mambo hubadilika. Kina cha maji hupungua, na sehemu ya chini ya wimbi huzuiwa na ardhi. Sehemu ya juu huendelea, huinama, kisha wimbi huvunjika na kutoa povu. Maji hayo hupanda ufukweni yakisukuma mchanga, halafu hurudi baharini yakivuta mchanga.

Mara nyingi mawimbi hayaji moja kwa moja. Huja mshazari, kwa kufuata upepo. Basi chembe ya mchanga hupandishwa mshazari. Lakini maji yanaporudi hufuata mteremko, na chembe hurudi nayo moja kwa moja chini. Wimbi la pili huipandisha mshazari tena. Kwa njia hiyo chembe haikai mahali pake. Kila wimbi huisogeza kidogo kando, na chembe husafiri kufuata pwani kama mtu apandaye na kushuka ngazi huku akienda mbele.

Jaribio la 2: Mchanga husafirije?

Vifaa: sinia kubwa au sanduku lisilovuja, mchanga, maji, unga wa tofali jekundu na kipande cha ubao.

1. Lundika mchanga upande mmoja wa sinia ili ufanye mteremko.
2. Tia maji upande wa pili mpaka yaguse mchanga.
3. Weka fungu dogo la unga wa tofali mahali maji yanapokutana na mchanga.
4. Kwa kutumia ubao, sukuma maji polepole ili mawimbi madogo yaufikie mchanga mshazari. Rudia mara nyingi.

Unga mwekundu umeelekea upande gani? Sasa sukuma maji kutoka upande wa pili. Unaona nini? Andika majibu katika daftari lako.

Kusi na kaskazi

Katika pwani ya Afrika Mashariki upepo hubadilika kwa majira. Kusi huvuma kutoka kusini tangu mwezi Aprili hivi hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu mwezi Novemba hivi hadi Machi. Wakati wa kusi mawimbi husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi sehemu ya mchanga huo hurudishwa kusini. Kusi ina nguvu zaidi. Kwa hiyo katika pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam mchanga unaokwenda kaskazini katika mwaka mzima huwa mwingi kuliko unaorudi.

Kazi ya maji kujaa na kupwa

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Hali hii husababishwa na mvuto wa mwezi na wa jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati huo huitwa bamvua. Ndipo wanawake wa pwani huenda mbali kwenye miamba kuchokoa pweza. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo huitwa maji mafu. Katika bandari ya Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, lakini wakati wa maji mafu ni kama mita 1 tu.

Kujaa na kupwa huhamisha mashapo kwa njia mbili. Kwanza, hubadilisha mahali mawimbi yanapofanya kazi. Maji yakipwa, mawimbi huvunjika mbali. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mawimbi hufika juu ya ufukwe na kupiga kingo ambazo siku nyingine hayazifikii. Upepo mkali ukikutana na bamvua, hapo ndipo kingo huanguka na miti hung'olewa.

Pili, maji yanayoingia na kutoka katika midomo ya mito na hori hufanya mkondo wenye nguvu. Mkondo huo hubeba mchanga na tope. Penye mikoko, mizizi hupunguza mwendo wa maji, na tope hutua. Kwa maelfu ya miaka Mto Rufiji umejenga delta yake kwa mashapo kutoka bara, na msitu mkubwa wa mikoko umeota juu yake.

Bahari ilivyokula ufukwe wa Kunduchi

Kunduchi ni mahali pa wavuvi, kaskazini ya Dar es Salaam. Mito midogo, kama Mbezi na Tegeta, huleta mchanga baharini katika sehemu hiyo, na mawimbi huugawa kando ya pwani.

Mji ulipokua, watu walihitaji mchanga wa kujengea. Wengi waliuchota katika mito hiyo, kwa malori. Kila lori lilichukua mchanga ambao ungefika baharini. Lakini mawimbi hayakupumzika. Yaliendelea kuondoa mchanga wa ufukwe kama zamani, na mchanga mpya haukutosha kujaza pengo. Katika miaka ya 1970 na 1980 ufukwe uliliwa vibaya. Minazi na majengo yalianguka, na hoteli moja kubwa ikaachwa ikawa magofu. Pia matumbawe, ambayo huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika nchi kavu, yaliharibiwa kwa uvuvi wa baruti na kwa kuchomwa kuwa chokaa.

Wenye majengo walijenga kuta za mawe kutoka ufukweni hadi majini. Ukuta wa namna hii huzuia mchanga unaosafiri. Upande wa kusini wa ukuta mchanga hujaa. Lakini upande wa kaskazini hukosa mchanga, na bahari hula zaidi. Hivyo mtu mmoja anaweza kuiokoa nyumba yake na kuihatarisha nyumba ya jirani.

Tunaweza kufanya nini?

Tusichote mchanga ufukweni wala katika mito inayolisha ufukwe, bali pale tu paliporuhusiwa. Tusikate mikoko ovyo. Tulinde matumbawe. Tusijenge karibu mno na bahari. Anayetaka kujua mahali salama awaulize wazee wa pwani. Wao hukumbuka maji ya bamvua yalifika wapi, na ufukwe wa utoto wao ulikuwa wapi.

Muhtasari

Mito huleta mashapo. Mawimbi ya mshazari huyasukuma kando ya pwani. Maji kujaa na kupwa hubadilisha mahali mawimbi yanapopiga, na hufanya mikondo katika midomo ya mito. Mchanga ukizuiwa au ukichukuliwa mahali pamoja, ufukwe wa mahali pengine hupungua.

Maswali

1. Mashapo ni nini? Taja aina tatu.
2. Kwa nini tope hupatikana penye mikoko, si penye mawimbi makubwa?
3. Eleza kwa mchoro safari ya chembe ya mchanga wakati mawimbi yanapokuja mshazari. Onyesha kwa mishale njia ya kupanda na njia ya kurudi.
4. Bamvua hutokea mwezi ukiwa katika hali gani?
5. Bwawa likijengwa mtoni, maji yake hutulia. Kumbuka Jaribio la 1. Mashapo yatafanya nini, na ufukwe ulio kwenye mdomo wa mto huo utapatwa na nini?
6. Mzee mmoja anataka kujenga ukuta wa mawe mbele ya nyumba yake. Jirani yake wa kaskazini anakataa. Nani ana haki? Jadilianeni darasani, na kila mmoja atoe sababu zake.